Karibu Kuna Choo, Mbali Kuna Chumvi: Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Maji Kwedizinga

Handeni ni wilaya ya wakulima, wafugaji na wachimba dhahabu, lakini kaa na wenyeji nusu saa tu, mazungumzo yatafika kwenye maji. Tangu miaka ya 1970 tegemeo kubwa limekuwa bomba kuu linalojulikana kwa kifupi cha HTM, linalovuta maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi Handeni. Bomba lilizeeka huku watu wakiongezeka. Juni 2022 Serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Ni habari njema. Hata hivyo kaya iliyo mbali na bomba haiwezi kupikia habari njema. Inatazama chini ya miguu yake.

Kaka yangu alipostaafu na kuamua kujenga katika shamba la marehemu baba yetu, Kwedizinga, familia ilinikabidhi mimi, mwalimu wa jiografia, kazi ya kujua mambo mawili: maji yako chini kiasi gani, na yakipatikana yatakuwa salama kunywa au hapana. Kazi hiyo imenifundisha kwamba hayo mawili hayatenganishwi. Kina cha maji ndicho kinachoamua uchafu gani utayafikia. Huku kwetu maji ya juu yako jirani na vyoo na mazizi, na maji ya chini sana mara nyingi yana chumvi. Anayetafuta kisima Handeni anatafuta nafasi nyembamba iliyo kati ya hayo mawili.

1. Hakuna ziwa chini ya shamba lako

Watu wengi huamini kwamba chini ya ardhi kuna maji yaliyotandaa kila mahali, na kwamba tofauti ni urefu wa kuchimba tu. Ingekuwa hivyo, mtambo wenye nguvu ungemaliza kazi popote. Mwamba wa Handeni ni sehemu ya kile wanajiolojia wanachokiita Ukanda wa Msumbiji: mawe ya kale yaliyobanwa na kupata joto kali chini sana ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Jiwe la aina hiyo, naisi, halina vitundu vya kuhifadhia maji. Maji yake hukaa mahali pawili: katika tabaka la mwamba uliooza na kulainika, na katika nyufa za mwamba ulio chini ya tabaka hilo.

Ukichimba utakutana kwanza na udongo mwekundu, kisha mfinyanzi unaonata, kisha kitu kama changarawe chenye vipande vya jiwe laini, kisha jiwe lenye nyufa, na mwisho jiwe zima. Maji mazuri yako kwenye changarawe hiyo na nyufa zilizo chini yake. Tabaka hilo likiwa nene una bahati. Likiwa jembamba, au limejaa mfinyanzi, kisima kitatoa ndoo chache na kulala. Ndiyo maana visima viwili vilivyo umbali wa kurushiana jiwe vinaweza kutofautiana, kimoja kinanywesha kitongoji na kingine hakina hata tope.

Ukishapita eneo la nyufa, kuongeza mita ni kuongeza gharama. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya mwamba yameyeyusha madini mengi, na mahali penye mvua ya wastani na jua kali chumvi hujikusanya. Sabuni haitoi povu, na chai inabadilika ladha.

2. Waulize wazee kabla ya kumwita mpimaji

Hili nalikazia zaidi, kwa sababu ndilo linalorukwa na watu wenye fedha.

Kina mama wanaochota maji wanajua kisima kipi kinakauka Septemba na kipi kinavumilia hadi vuli, kipi kinageuka rangi baada ya mvua, kipi kinaharibu maharage yasiive. Hizo ni taarifa za miaka mingi ambazo hazimo katika ripoti yoyote. Nilizunguka kwa majirani na daftari, nikauliza kila nyumba yenye kisima: kilichimbwa lini, waliingia pima ngapi, walikutana na jiwe wapi, maji yalionekana kwenye udongo gani, kiangazi kibaya kiliwahi kukikausha? Kabla ya kulipa senti yoyote nilikuwa na picha ya eneo zima.

Miti nayo inasema. Mkuyu mkubwa unaobaki kijani wakati mingine imepukutisha majani ni dalili nzuri, hasa ukifuatana na mwenziwe kwa mstari, maana mstari huo huenda ni ufa katika mwamba. Dalili si uthibitisho, lakini mpimaji mwenye busara huanzia hapo.

Jambo kubwa kuliko yote nililipata kwa bibi mmoja wa jirani. Nilimwonyesha sehemu niliyoiona inafaa: tambarare, yenye kivuli, karibu na nyumba itakapokaa. Akaniambia, "Mwanangu, pale penye miembe usichimbe. Pale palikuwa kwa watu."

Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, kaya zilizokuwa zimetawanyika mashambani zilihamishiwa kwenye vijiji. Nyumba zilianguka na udongo ukarudi kuwa shamba. Miembe ilibaki, na mashimo yalibaki chini ya ardhi: vyoo vya zamani, visima vilivyofukiwa kwa takataka, na makaburi ya familia yasiyo na alama. Mtu akichimba kisima katika mahame bila kujua, anaweza kuunganisha shimo la zamani na maji ya kunywa. Kinyesi cha miaka hamsini hakina tena vijidudu vya kuogopesha, lakini shimo lenyewe ni njia rahisi ya maji machafu ya leo kushuka haraka. Kuhusu makaburi kuna zaidi ya suala la afya. Hakuna familia ya Kizigua ambayo ingekubali kisima mahali pa wafu wake, na ni haki yao. Bibi yule alituonyesha mipaka ya mahame yote kwa kutembea nayo, mti kwa mti.

3. Kisima kina vina viwili, na kila kimoja kina kazi yake

Ukiuliza "maji yako mita ngapi?" jibu sahihi ni "lini?" Katika ukanda wetu masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Maji hupanda baada ya masika na kushuka polepole hadi mwisho wa kiangazi. Katika visima vifupi vya majirani zetu tofauti ilikuwa ya mita kadhaa.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Chukua utepe wa fundi wenye urefu wa kutosha, funga kitu kizito kilicho safi kwenye ncha, paka chaki mita ya mwanzo ya utepe, ushushe hadi uguse maji na kuzama kidogo. Soma namba iliyo kwenye mdomo wa kisima, vuta, kisha toa sehemu ambayo chaki imelowa. Umepata kina kwa usahihi wa sentimita. Pima alfajiri kabla ya watu kuanza kuchota, maana kisima kilichochotwa kinadanganya. Utepe uoshwe kwa maji yenye klorini kabla ya kuingia kisima kingine, usije ukawa wewe ndiye mbeba uchafu.

Kina cha mwisho wa kiangazi ndicho kinachokuambia kisima kichimbwe hadi wapi. Ukichimba Mei ukasimama mita moja ndani ya maji, Oktoba utakuwa na shimo kavu. Kina cha mwisho wa masika kinakuambia jambo tofauti kabisa: choo kiruhusiwe kwenda chini kiasi gani. Miongozo ya usafi inataka sakafu ya shimo la choo iwe juu ya maji kwa mita 1.5 au zaidi. Chukua choo cha mita 3. Kiangazi maji yakiwa mita 9, kuna mita 6 za udongo wa kuchuja na kila kitu kinaonekana sawa. Masika maji yakipanda hadi mita 4, imebaki mita 1 tu. Choo kilekile kilichokuwa salama Oktoba kinakuwa hatari Mei, na hakuna aliyekigusa. Fundi anayechimba choo wakati wa kiangazi bila kuuliza habari za masika anajenga tatizo la mwaka ujao.

4. Visima vitatu vinaonyesha maji yanakoelekea

Maji ya ardhini hutembea, polepole lakini mfululizo, kutoka yalipo juu kwenda yalipo chini. Kujua mwelekeo huo ni kujua uchafu wa nani utakuja kwako, na wako utakwenda kwa nani.

Mbinu yake ni somo la darasani. Tafuta visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja. Pima kina cha maji katika kila kimoja, asubuhi moja. Kisha linganisha urefu wa midomo yao kwa ule mpira mwangavu wenye maji ambao mafundi ujenzi husawazishia msingi, ukisogea kidogo kidogo kutoka kisima hadi kisima. Simu haifai hapa, kosa lake la mwinuko linaweza kuwa mita nyingi. Mfano: mdomo wa kisima cha pili uko mita 2 juu kuliko wa cha kwanza. Cha kwanza maji yako mita 6 chini ya mdomo, cha pili yako mita 9. Hesabu inaonyesha kwamba maji ya cha pili yako mita 1 chini kuliko ya cha kwanza, ingawa kisima chenyewe kiko juu. Kwa hiyo maji yanaelekea cha pili, kinyume cha mteremko unaouona kwa macho.

Mara nyingi maji hufuata mteremko wa ardhi na mshangao haupo. Shambani kwetu yalifuata mteremko kwa sehemu, kisha yakapinda kuelekea korongo la mchanga. Upande huo wa korongo ndipo kaka yangu alipokuwa amepanga zizi, na kisima kilikuwa kimepangwa chini yake. Tulibadilisha ramani ya boma zima kwenye karatasi, kabla ya tofali la kwanza.

5. Mita 30 ni mwanzo wa hesabu

Kila mtu amesikia namba hii: kisima na choo viachane mita 30. Ni kanuni nzuri, imeokoa maisha ya wengi, na nyumba isiyoifuata ianze hapo. Lakini kanuni hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba katikati kuna udongo. Udongo wa kichanga chembamba au tifutifu huchuja, vijidudu hunasa na kufa njiani. Ufa katika jiwe hauchuji chochote. Maji yanayochukua miezi kupita kwenye udongo yanaweza kupita kwenye ufa kwa siku chache.

Wajerumani hulinda visima vya umma kwa kanuni ya muda. Mpaka wa hifadhi ya ndani huwekwa mahali ambapo maji yatachukua siku 50 au zaidi kufika kisimani, kwa sababu bakteria wengi wa magonjwa hawahimili safari ndefu kiasi hicho. Ninaipenda kanuni hiyo kwa sababu inamlazimisha mtu kuuliza: kati ya choo changu na kisima changu kuna nini? Kwenye mchanga siku 50 zinaweza kuwa mita chache. Kwenye mwamba wenye nyufa zinaweza kuwa mamia ya mita.

Asiyeamini asome habari za Walkerton, mji mdogo katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Mei 2000 ilinyesha mvua kubwa, ikaosha samadi ya ng'ombe ya shamba la jirani na kuiingiza katika kisima kifupi kinachovuta maji kwenye mwamba wenye nyufa. Klorini haikuwekwa ya kutosha. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Mwenye ng'ombe hakulaumiwa katika uchunguzi, kwani alikuwa amefuata taratibu nzuri za kilimo. Kilichoua ni mahali kisima kilipowekwa na uzembe wa waliokisimamia. Na hiyo ni nchi tajiri, yenye maabara na wahandisi. Sisi tuna ng'ombe wengi zaidi karibu na visima vyetu, na mvua zetu za kwanza huja kwa kishindo juu ya ardhi iliyojaa samadi ya kiangazi kizima.

Kwa hiyo sisi tuliweka choo na zizi upande ambao maji yanaondokea, tukaacha umbali unaozidi mara kadhaa zile mita 30, na tukachimba vishimo vifupi vya majaribio kuona udongo una unene gani kabla ya jiwe. Palipokuwa na jiwe karibu na uso wa ardhi hatukuweka choo cha shimo refu hata kidogo. Choo cha kuinuliwa juu ya ardhi, chenye chumba kilichojengwa kwa matofali na saruji na kupakuliwa baadaye, kinagharimu zaidi. Kinagharimu kidogo kuliko homa ya matumbo.

Usisahau mdomo wa kisima. Uchafu mwingi wa visima vifupi haupiti ardhini kabisa, unaingia kwa juu: kamba iliyolala chini, ndoo iliyokanyagwa na kuku, maji yaliyomwagika yakarudi. Ringi za juu zizibwe kwa saruji pande zote, sakafu ya zege ielekeze maji nje, mfereji uyapeleke mbali, uzio uzuie mifugo, na bomba la mkono lichukue nafasi ya kamba. Ukiwa na fedha ya jambo moja tu mwaka huu, fanya hilo.

6. Kipimo cha umeme kinahitaji msomaji mwaminifu

Wapo wanaotafuta maji kwa fimbo au nazi, na wapo wanaotafuta kwa mashine. Mashine inayotumika sana hupitisha umeme ardhini kupitia vyuma vilivyosimikwa na kupima jinsi kila kina kinavyoupinga. Jiwe kavu hupinga sana, mwamba uliooza wenye maji hupinga kidogo.

Tatizo ni kwamba mfinyanzi nao hupinga kidogo, na maji ya chumvi hupinga kidogo zaidi. Grafu moja inaweza kuwa na maelezo matatu: maji mazuri, tope, au chumvi. Mpimaji hutenganisha hayo kwa kulinganisha na visima vilivyopo na historia ya eneo, na hapa lile daftari la kina mama linapata thamani yake. Niliwahi kusikia mpimaji, ambaye sitamtaja, akimwahidi jirani yetu "maji matamu mita themanini" kwa grafu peke yake. Grafu haina ulimi wa kuonja. Mtambo ulifika, maji yalipatikana, na leo yananywesha mbuzi tu.

Mwulize mpimaji wako: tabaka lililooza linaanzia wapi na kuishia wapi? Unatarajia chumvi? Kwa kulinganisha na kisima kipi? Nipe sehemu ya pili na ya tatu ikiwa ya kwanza itashindikana. Anayekasirishwa na maswali hayo mwache aende.

7. Maji maangavu hayajathibitisha kitu

Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, watu walihamasishwa kuacha maji ya mabwawa na kutumia visima vya mabomba ili kuepuka magonjwa ya kuhara. Maji yalikuwa maangavu na baridi. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba visima vingi vilikuwa na aseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye udongo wenyewe. Mamilioni walikuwa wameinywa.

Hivyo ni lazima maji yapimwe, na mtu ajue anapima nini. Kwa shamba la Handeni ningeanza na haya. Bakteria wa kinyesi: kwa maji ya kunywa hawatakiwi hata mmoja katika mililita 100. Chumvi zote zilizoyeyuka: zikizidi miligramu 1,000 kwa lita watu wengi huanza kuyakataa maji kwa ladha, na kalamu ndogo ya kupimia inatoa makadirio hapo hapo kisimani. Nitrati: Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, na ikizidi humdhuru hasa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya unga. Floridi: kiwango cha Tanzania kiliwahi kuruhusu miligramu 4 kwa lita na sasa ni 1.5, sawa na cha dunia. Janga lake kubwa liko Arusha, Manyara na Kilimanjaro, lakini kipimo kimoja kinamaliza wasiwasi.

Kuna jambo kuhusu nitrati ambalo kila mzazi analihitaji. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi nitrati, wala chumvi, wala sumu ya madini. Maji yanapopungua kwa mvuke, vilivyobaki vinazidi kukolea. Nitrati nyingi maana yake ni kwamba choo, zizi au mbolea tayari imefika kisimani, na dawa yake ni kuhamisha chanzo.

Sampuli ya bakteria huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa, hubebwa kwenye boksi la barafu, na hupaswa kupimwa ndani ya saa 24, ikiwezekana ndani ya saa 6. Kutoka Kwedizinga hilo linataka mpango: zungumza na maabara ya maji kwanza, chota alfajiri, panda basi la mapema. Chupa ya soda iliyosuuzwa, ikakaa juani mchana kutwa, haipimi kisima. Na upime mara mbili, mwisho wa kiangazi na wiki za kwanza za mvua, kwa kuwa uchafu wa juu huingia na mvua za mwanzo.

Historia ya ardhi inaongeza orodha. Karibu na josho la zamani, uliza kuhusu dawa zilizotumika, maana aseniki ilikuwa dawa ya kupe kwa miongo mingi Afrika Mashariki. Karibu na uchenjuaji wa dhahabu, zebaki. Karibu na mashamba makubwa na maghala ya zamani, viuatilifu. Vikuge huko Kibaha, shehena ya DDT iliyoletwa kama msaada mwaka 1986 iliachwa ikaharibika, na watafiti walikuta mabaki yake katika udongo na maji ya jirani miaka mingi baadaye. Old Korogwe, karibu kabisa nasi, nako palikuwa na ghala la viuatilifu vilivyopitwa na wakati. Vipimo vya namna hiyo ni ghali, na si kila shamba linavihitaji. Ndiyo maana maswali kwa wazee hutangulia.

8. Dai makaratasi

Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, na kwetu mwenye mamlaka hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mchimbaji awe na leseni. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya 2019, wana wataalamu wilayani wa kushauri. Kazi ikiisha dai ripoti ya kisima yenye kina, matabaka yaliyopitiwa, mahali maji yalipoingilia, mabomba yenye matundu yalipokaa, na matokeo ya kusukuma maji kwa saa nyingi mfululizo. Bila ripoti hiyo, siku pampu ikikwama utakuwa umelipa mamilioni kwa shimo usilolijua.

9. Paa ni chanzo cha pili, usilidharau

Tulipata maji. Yako kwenye mwamba uliooza na nyufa zake, juu kidogo ya mahali chumvi inapoanza, na hatukumruhusu mchimbaji aendelee chini baada ya kalamu ya chumvi kuanza kupanda. Yanafaa kufulia, kuogea, mifugo na bustani. Kwa kunywa yana ukakasi.

Kwa hiyo tuliangalia juu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 60 za mraba, kwa mwaka wa milimita 800, linapokea lita 48,000, na ukitoa hasara ya asilimia 20 zinabaki 38,400. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 7.5 kwa siku kwa kunywa na kupika, inahitaji lita 45 kwa siku. Kiangazi cha miezi mitano kinataka takriban lita 6,750. Simtanki la lita 5,000 na jingine la 2,000 yanatosha, mradi mvua ya kwanza ya msimu imwagwe ioshe paa, tangi lifunikwe, na maji yatiwe klorini au yachemshwe.

Anayesubiri chanzo kimoja kitakachomaliza kila haja Handeni anaweza kusubiri muda mrefu. Kisima kwa wingi, paa kwa kinywa, na bomba la HTM likifika, likaribishwe kwa mikono miwili.

Ombi langu kwa kila mwenye kisima Handeni na Korogwe: Oktoba hii, kabla ya vuli kunyesha, shusha utepe asubuhi na mapema, andika kina na tarehe, na urudie Mei. Peleka nakala moja ofisi ya serikali ya kijiji na nyingine kwa RUWASA wilayani. Jirani yako atakapotaka kuchimba, namba hizo zitamsaidia kuliko mtambo wowote.